Plagi Nne na Pikapu Iliyotembea Laki Tatu

Plagi ni kifaa kidogo cha chuma na kauri kinachofungwa kwenye silinda hedi ya injini ya petroli. Koili hupandisha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi kupita volti 20,000; umeme huo hushuka kwenye plagi, ukaruka mwanya mwembamba ulio kati ya ncha zake mbili, na cheche inayotokea huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Katika pikapu kongwe kama Toyota Hilux yenye injini ya 22R, plagi ni nne tu, zimepangana upande mmoja, zinaonekana kwa macho na kufikika kwa mkono. Kitabu cha gari huihesabu kazi ya kuzibadilisha kuwa ndogo. Lakini kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya pikapu iliyotembea kilometa laki tatu, iliyopita mikononi mwa wenye gari watano na mafundi wasio na idadi. Kwa gari la namna hiyo, kazi huanza asubuhi na mwisho wake anaujua Mungu.

Plagi haifi kwa siku moja. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche 1,250 katika dakika hiyo. Safari ya kilometa 100 kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa hugharimu kila plagi cheche 125,000, na kila cheche huondoka na chembe ya chuma. Bandu bandu huisha gogo: mwanya uliokuwa milimita 0.8 hupanuka, umeme hulazimika kuruka mbali zaidi, na siku moja hukata shauri kutoruka kabisa. Plagi za kawaida hutegemewa kwa kilometa 30,000 hivi, na zile za iridiamu huweza kufika 100,000. Wenye pikapu wengi hutumia kipimo cha tatu, ambacho ni “mpaka igome”.

Kabla ya kugoma, gari hutoa taarifa. Asubuhi huwaka kwa kubembelezwa, likisimama hutetemeka, mlimani hukosa nguvu, na petroli huisha upesi. Mafundi husema gari lina misi. Mwenye gari husema petroli ya kituo kile ni mbaya. Petroli ikishabadilishwa, lawama huhamia kwenye baridi, kisha kwenye mzigo, kisha kwa shemeji aliyeliazima wakati wa msiba. Plagi hutajwa mwisho kabisa, ingawa ndiyo ya bei rahisi kuliko petroli yote iliyokwisha kuunguzwa kutafuta sababu.

Kipimo cha kumtafuta mkosaji ni rahisi. Injini ikiwa inaunguruma polepole, waya za plagi huchomolewa moja baada ya nyingine. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, hapo ndipo penye tatizo. Kazi hii hutaka koleo lenye mpini wa plastiki. Katika gereji nyingi koleo hilo limeazimwa, na badala yake hutumika mkono wa utingo, ambao hutoa majibu ya haraka na kwa sauti kubwa.

Hatua inayofuata ni dukani. Plagi ya zamani huviringishwa kwenye gazeti na kupelekwa kama kielelezo, jambo la busara endapo kielelezo chenyewe ni sahihi. Vinavyotakiwa kulingana ni unene wa hesi, urefu wake, saizi ya soketi na namba ya joto. Kwa Denso na NGK, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Katika gari lililotembea sana si ajabu kukuta plagi nne za aina tatu, kila moja ikiwa kumbukumbu ya fundi fulani. Anayekwenda na moja tu hurudi na nne zinazofanana na ile isiyofaa.

Kuna pia suala la plagi feki. Maandishi yanayofutika kwa kidole gumba, hesi zenye makovu na mianya isiyolingana ndani ya boksi moja ni dalili zake. Muuzaji akiulizwa hueleza kwamba anazo “orijino” na “orijino kabisa”, tofauti ikiwa kwenye bei na siyo kwenye rafu. Mwenye gari aliyetoa milioni kadhaa kununua pikapu hapa hubishana kwa nusu saa kuokoa elfu mbili. Asiyetaka kununua kabisa huagiza plagi za zamani zisuguliwe, na brashi ya waya ndiyo hupendwa kuliko vyote. Tatizo ni kwamba brashi huacha michirizi ya chuma juu ya kauri, umeme ukapata njia ya mkato ya kushuka bila kupiga cheche. Plagi hutoka hapo ikimeremeta, na misi hurudi kabla ya mwenye gari kufika kwake.

Kufungua ndiko kwenye visa vingi. Injini lazima iwe imepoa, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na plagi ni ya chuma: aluminiamu ya moto ni laini, na hesi zake hung'oka pamoja na plagi. Waya huandikwa namba kabla ya kuchomolewa. Mchanga uliojaa kuzunguka plagi hupulizwa kwanza, la sivyo plagi ikitoka, mchanga huingia kwenye silinda. Mafuta ya kulegeza kutu humiminwa tangu jana yake. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji fedha ya maana, na labda ndiyo sababu zote hurukwa.

Kwa kawaida plagi tatu hukubali. Ya nne, hasa ile ya nyuma karibu na kioo, hukataa. Njia sahihi ni kuilegeza kidogo, kuirudisha, kuongeza mafuta na kuilegeza tena. Njia inayotumika ni kutafuta bomba la maji na kulichomeka kwenye mpini wa racheti ili kuongeza urefu. Bomba likishafika, majirani nao hufika, na kila mmoja ana binamu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Mmoja hushauri injini iwashwe ipate moto, mwingine hushauri nyundo. Soketi ikikaa upande hata kidogo, kauri hukatika, na majirani hukumbuka kwamba wana shughuli.

Mwenye Hilux anaweza kujifariji kwa habari za Marekani. Ford F-150 za miaka ya 2004 hadi 2008 zenye injini ya V8 ya lita 5.4, ile ya vali tatu kwa kila silinda, zilitoka na plagi zenye shingo ndefu ya chini iliyounganishwa na mwili wa juu. Masizi huishika shingo hiyo, fundi akizungusha, nusu ya juu hutoka naye, na nusu ya chini hubaki ndani ya hedi. Tukio hilo lilizoeleka kiasi kwamba vilitengenezwa vifaa maalumu vya kuvuta vipande vilivyobaki. Na injini hiyo ina plagi nane. Wa Hilux ana nne tu za kuombea.

Zikishatoka, plagi hupangwa kwa mfuatano wa silinda na kusomwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi kupita kiasi, aghalabu kosa la kabureta au kichujio cha hewa kilichoziba. Weupe wenye malengelenge ni joto kali. Weusi unaong'aa kwa oili maana yake ni ringi au sili za vali zilizochoka. Mwenye gari akielezwa bei ya ringi huuliza kama hakuna plagi inayovumilia oili. Ipo: ya joto zaidi huunguza oili hiyo na kuvumilia kwa muda, na hivyo ndivyo injini moja inavyofikia kuwa na plagi za aina tatu.

Plagi mpya nayo hupimwa mwanya kabla ya kufungwa, na kinachopindwa ni ncha ya pembeni peke yake. Kwa 22R kipimo ni milimita 0.8. Kifaa chake ni filagaji. Mbadala wake mtaani ni kipande cha msumeno, kadi ya vocha au macho ya fundi mzee. Plagi iliyoanguka kwenye saruji hutupwa, kwa kuwa kauri huweza kupata ufa usioonekana. Kwa desturi huokotwa, hupanguswa kwenye suruali na kufungwa haraka kabla mwenye gari hajageuka.

Kufunga huanza kwa vidole, au kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovikwa kichwani mwa plagi: hesi zikipishana, mpira huteleza kabla ya madhara. Plagi mpya ikishagusa kwa washa yake, huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili na kuachwa. Ikilegea, moto huvuja na plagi huchemka. Ikikazwa mno, hesi za aluminiamu husagika, na hapo hedi hupelekwa mesheni kuchongwa tundu pana na kuwekewa hesi mpya za chuma. Bei ya kazi hiyo hununua plagi za miaka mingi, na anayeilipa karibu kila mara ni mtu aliyekaza “kidogo tu, kwa usalama”.

Mwisho ni waya. Injini huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ya mbele. Waya nne zina njia 24 za kupangwa, na moja tu ndiyo sahihi. Utingo aliyezichomoa zote kwa mpigo akitegemea kumbukumbu hujaribu moja baada ya nyingine, huku kabureta ikikohoa moto na sailensa ikilipuka hadi kuku wa mtaa mzima kuhama. Kufikia jaribio la tano au la sita betri huwa imekwisha, na gari husukumwa. Hii ndiyo hatua pekee ambapo majirani walio na ushauri huwa na faida.

Injini ikitulia, kilometa na tarehe huandikwa kwa kalamu ya wino mzito chini ya boneti. Kama mita ya kilometa ilikufa zamani, tarehe inatosha. Plagi za zamani hutupwa siku hiyohiyo. Zikihifadhiwa kwenye dashibodi kwa jina la akiba, atatokea mtu mwenye haraka atakayezirudisha kwenye injini, na atazikaza vizuri sana.