Waraka kwa Jamaa Walio Nyumbani Kuhusu Watu Wazima Wanaolilia Picha za Vichezeo

Miongoni mwa mambo ambayo mhamiaji kutoka Afrika Mashariki huchelewa kuyaelewa anapoishi Uingereza, hata baada ya kuzoea baridi, foleni, na kuombwa radhi na mtu ambaye mgeni mwenyewe ndiye aliyemkanyaga, ni mapenzi makubwa waliyo nayo wenyeji wenye umri wa miaka 40 na zaidi kwa vitabu vya zamani vya maduka vilivyoonyesha vitu vya kuchezea watoto. Vitabu hivyo, ambavyo huitwa katalogi, vilikuwa orodha ya bidhaa iliyochapwa pamoja na picha, bei na namba ya kila kitu, na muuzaji alivigawa bure ili mnunuzi achague akiwa ameketi sebuleni kwake. Mzee mwenye kipara, deni la nyumba na shinikizo la damu, ambaye alihudhuria mazishi ya shangazi yake kwa macho makavu kabisa, anaweza kufunuliwa ukurasa mmoja wa mwaka 1982 wenye chombo cha anga cha plastiki, na hapohapo akalengwalengwa na machozi. Ieleweke mapema kwamba anacholilia ni picha. Chombo chenyewe mara nyingi hakuwahi kukipata, na kama alikipata, kilimvunja moyo kabla chakula cha mchana cha Krismasi hakijapakuliwa.

Katalogi inayoliliwa kuliko zote nchini humo ni ya duka la Argos, lililofungua milango yake mwaka 1973 mjini Canterbury chini ya Richard Tompkins, mfanyabiashara ambaye tayari alikuwa ametajirika kwa mpango wa stempu za kijani, ambazo wanunuzi wa maduka mengine walipewa, wakazibandika katika daftari na kuzibadilisha kwa zawadi. Utaratibu wa Argos unahitaji kuelezwa kwa subira, kwa kuwa mtu aliyelelewa karibu na Kariakoo au Gikomba, ambako bidhaa hushikwa, hunuswa, hugeuzwa na kukashifiwa kabla bei haijatajwa, anaweza kudhani kwamba anataniwa. Ndani ya duka hilo bidhaa hazikupangwa ili zitazamwe, isipokuwa chache mno. Palikuwa na vitabu vinene juu ya meza, vikaratasi na kalamu fupi za buluu, na mnunuzi alipekua kurasa, akaandika namba ya kitu alichokitaka, akalipa, kisha akaketi kungoja namba yake iitwe huku mali ikitafutwa ghalani, nyuma ya ukuta. Kurasa za vitabu vya mle dukani zilifunikwa kwa plastiki ili zisichakae, jambo lililomfanya mchekeshaji Bill Bailey atanie kwamba hicho ni kitabu cha ndoto chenye ngozi ya plastiki. Taifa zima, lenye sifa ya kutomwamini mtu asiyetambulishwa rasmi, lilikubali kulipia kitu ambacho halijakiona, kwa dhamana ya picha isiyozidi ukubwa wa kiberiti.

Nyumbani, kitabu hicho kilikabidhiwa watoto pamoja na kalamu, nao walizungushia duara kila walichokitamani, mpaka jumla ya maduara ikazidi mshahara wa baba. Zoezi hilo liliendelea kwa wiki kadhaa kabla ya sikukuu, na ndilo linalokumbukwa zaidi leo, kwa sababu mtoto aliyetazama picha moja kila usiku kwa mwezi mzima alikuwa amekwisha kuchezea kitu hicho kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukichezea kilipowasili.

Picha za namna hiyo hazikupatikana kwa bahati. Katika miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa studioni, aghalabu kwa kamera kubwa zinazotumia vipande vya filamu vyenye ukubwa wa takriban sentimita 10 kwa 13, tena filamu chanya, yaani ile inayotoa rangi kama zilivyo badala ya kuzigeuza kinyume. Kitu kidogo kikipigwa picha kwa karibu, sehemu ndogo tu ndiyo huonekana kwa uwazi na iliyobaki hufifia. Kwa hiyo mpigapicha aliliminya tundu la lenzi linaloingiza mwanga mpaka likawa dogo sana, akafidia kwa taa kali, na matokeo yake yakawa kwamba askari wa mbele na mlima wa nyuma vilionekana wazi sawasawa. Jicho la binadamu limezoea kuona hivyo pale tu linapotazama vitu vikubwa vilivyo mbali, na kwa sababu hiyo lilikubali bila ubishi kwamba kigari cha plastiki chenye urefu wa kidole ni kifaru cha vita. Kamera iliteremshwa hadi usawa wa macho ya mwanasesere, mchanga ukamwagwa mezani ukawa jangwa, pamba ikachambuliwa ikawa moshi, na ndege ikaning'inizwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, ambao baadaye fundi wa kusahihisha picha aliufuta kwa brashi ya hewa, yaani kifaa kinachopuliza rangi kwa unyunyu. Nyuma ya yote palishushwa karatasi pana isiyo na mshono, iliyopinda taratibu kutoka ukutani hadi mezani, ili pasionekane mahali ardhi inapokutana na mbingu. Watoto walioajiriwa kukaa pembeni walifundishwa kushangaa, nyusi juu na mdomo wazi, ingawa mtoto anayecheza kwa dhati hukunja uso, hutoa ncha ya ulimi na hataki kusemeshwa.

Msomaji wa Mombasa hatahitaji maelezo marefu kuhusu karatasi ile ya nyuma. Wapigapicha wa Likoni, waliokuwa na vibanda karibu na kivuko na ambao mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliandika utafiti kuwahusu, walimsimamisha mteja mbele ya pazia lililochorwa meli, ndege na majumba, kisha mteja akaipeleka picha hiyo kwao bara. Tofauti ni kwamba Likoni aliyesafirishwa na pazia alikuwa mteja mwenyewe, aliyejua fika kwamba meli ile ni rangi juu ya kitambaa, ilhali katika katalogi aliyesafiri ni kichezeo na mteja akabaki akikisubiri. Kwa haki, mtu wa Likoni alipata thamani kubwa zaidi ya fedha yake.

Jambo moja lililofichwa kwa ustadi ni kipimo. Mkono wa mtu ulipokosekana katika picha hapakuwa na njia ya kujua kama ngome ile ingeenea uwanjani au kwenye kisosi, na urefu wake ulitajwa kwa herufi ndogo kabisa, jirani na tamko kwamba betri haziuzwi pamoja na bidhaa na kwamba kila askari huuzwa peke yake. Huko Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilizichukulia hatua kampuni za Mattel na Topper mwaka 1971 kuhusu matangazo ya televisheni ambamo pembe za kamera ziliukuza mwendo wa vigari vyao kupita kiasi. Hata hivyo hakuna mtu wa makamo anayeonekana kuishukuru tume hiyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba picha ilikuwa bidhaa kamili ulitolewa na kampuni ya Kenner ya Cincinnati mwishoni mwa mwaka 1977. Filamu ya Star Wars ilikuwa imevuma kuliko ilivyotarajiwa, wanasesere wake hawakuwa tayari, na Krismasi haikukubali kuahirishwa. Basi kampuni ikauza bahasha ya kadibodi isiyo na mwanasesere hata mmoja, yenye picha za wahusika na hati ya kumwezesha mtoto kuletewa wanasesere 4 kwa posta mwaka uliofuata. Wazazi waliinunua. Katika soko lolote la Pwani muuzaji wa mzigo wa namna hiyo angehitaji kuhama mtaa, lakini leo bahasha hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyotafutwa kwa bidii na wakusanyaji, hasa ikiwa haijafunguliwa.

Mmoja wa wazee wa vitabu hivi alizaliwa Chicago. Kampuni ya Sears ilitoa kitabu chake cha kwanza cha Krismasi mwaka 1933, kikiwa na treni ya umeme, saa ya Mickey Mouse na hata chiriku hai waimbao, ambao usafirishaji wao mtu anaogopa kuutafakari. Kufikia mwaka 1968, kilipopewa rasmi jina la Wish Book, kilikuwa na kurasa 605, na kati ya hizo 225 zilikuwa za vichezeo.

Anayezitazama kurasa hizo za zamani akiwa na ngozi nyeusi huona pia jambo ambalo mzee wa kipara halioni. Filamu za rangi za enzi hizo zilipimwa kwa ngozi nyeupe, kwani maabara zilisawazisha rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha filamu zake yalikuwa ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautishwa vizuri. Ngozi ya mtu, kwa lugha nyingine, iliingia studioni ikiwa nyuma ya kabati na peremende. Katika mazingira hayo ndipo kilipoanzishwa, mwaka 1968 kusini mwa Los Angeles, kiwanda cha Shindana, kilichozaliwa na jumuiya ya Operation Bootstrap baada ya machafuko ya Watts, kikisaidiwa na Mattel, na kilichotengeneza wanasesere weusi wenye sura zao halisi badala ya sura ya Kizungu iliyopakwa kahawia. Wanasesere hao waliitwa Baby Nancy, Malaika, Zuri na Tamu, na Mswahili anayekutana na Tamu katika ukurasa wa vichezeo vya Marekani, bila kuonywa, ana haki ya kuruka kidogo kitini. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983.

Mwaka 2020 Argos ilitangaza kukoma kwa katalogi yake ya kawaida, baada ya kuchapa zaidi ya nakala bilioni 1, na kabla mwaka huo haujaisha IKEA nayo ikatangaza mwisho wa ile yake. Vichezeo sasa huonyeshwa kwenye simu, kila kimoja kikielea peke yake katikati ya weupe, bila mchanga wala moshi, na mtazamaji anaweza kukizungusha kwa kidole na kuona hata skrubu zake. Weupe huo ni mkweli kuliko jangwa la mezani, na ndiyo sababu hakuna atakayeulilia.

Habari hizi zisingestahili kupelekwa mbali hivi kama katalogi ingekuwa imekufa kweli, lakini imehamia WhatsApp, ambako kila Novemba aliyekata tiketi ya kurudi nyumbani hutumiwa picha za gari la kupanda mtoto, jumba la wanasesere na roboti linalocheza dansi, zote zikiwa zimekatwa pembeni kiasi kwamba maandishi madogo hayasomeki. Jamaa wanaotuma picha hizo wanaombwa kwa heshima zote waambatanishe urefu, upana na uzito wa kila kitu, wakumbuke kwamba sanduku moja la ndege kwa kawaida huishia kilo 23, na betri wajinunulie hukohuko.