Jinsi ya Kuyamaliza Maembe Kabla Hayajakumaliza

Ikifika Desemba, mwenye mwembe uani hana siri. Usiku mtaa mzima unasikia pu! juu ya bati lako, na asubuhi mtaa mzima unakuona umeinama na ndoo hata mswaki hujapiga. Mwongozo huu ni wako.

Kila mtu huanzia kwa jirani, na hapo ndipo mambo huharibika mapema. Zamani ulikuwa unayatia maembe kwenye mfuko wa rambo, unautundika kwenye kitasa cha mlango wa mtu, unatokomea. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019, inabidi uyapeleke kwenye chombo chako, na chombo kina adabu yake: hakirudi kitupu. Utapeleka ndoo ya dodo saa nne asubuhi. Magharibi atakuja mtoto. "Shikamoo. Mama anasema ahsante, na ndoo yenu hii." Ndani mna bolibo, mpaka ukingoni. Sasa una maembe yako, una maembe yake, na bado zamu ya kurudisha fadhila ni yako. Kwa hiyo usimpelekee mwenye mwembe. Tafuta aliyepanga chumba ghorofani, na umpelekee kwenye beseni lililotoboka ambalo hulitaki tena.

Watoto usiwategemee. Mwaka ambao mwembe umezaa matatu, wataurushia mawe hadi wavunje kioo cha dirisha. Mwaka wa neema ukiwafungulia geti na kuwakaribisha kwa maneno mazuri, wanakuangalia tu na kwenda zao kucheza mpira. Embe la ruhusa halina utamu. Ukitaka waje, funga geti na ukae barazani na fimbo.

Mgeni mwenye gari ndiye mgeni. Mkaribishe chai, muulize habari za nyumbani, na wakati anajibu, kijana wako awe anashughulika na buti.

Hayo yote lakini ni ya kupunguza makali. Ukweli ni kwamba maembe hushindwa yakiwa mabichi. Embe lililoiva likidondoka linakupa siku mbili, tatu ukibahatika, na maembe mia huwa yanakubaliana kuiva siku moja. Bichi linasubiri. Zaidi ya hayo unamtangulia nzi wa matunda, yule aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003, akasambaa kote huku. Mwembe nao ulitoka huko huko Asia, ila ulikuja karne nyingi kabla yake. Naona nzi alichelewa meli. Huyu hupenda kutaga mayai chini ya ganda la embe linaloanza kuiva. Nje unaona kidoa kidogo tu, ndani funza wameshahamia. Anayekula bichi hana haja ya kuchungulia kila tonge.

Chuma basi, kwa upondo, na uache kikonyo kirefu. Ukikikata, liinamishe embe utomvu umwagike chini, usikurukie usoni. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na ukoo huo unaunguza midomo.

Achari ndiyo shimo halisi la kufukia maembe, kwa sababu inameza ndoo nzima na kutoa chupa tatu. Kata vipande pamoja na ganda, paka chumvi na manjano, vitandaze kwenye ungo juani. Viache mpaka visinyae na kupinda kingo, na ukikibonyeza kimoja kisitoe maji. Hapo changanya na pilipili ya kusaga, saumu iliyotwangwa, uwatu na haradali kidogo. Chemsha mafuta, yaache yapoe kabisa, ndipo uyamimine juu hadi vipande vizame. Kipande kitakachochungulia juu ya mafuta ndicho kitakachoota ukungu. Na kijiko kiwe kikavu. Chupa nyingi za achari zimeuawa na mtu aliyechota kwa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi.

Kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, embe bichi linashika nafasi ya ndimu na ukwaju kwa wiki sita bila mtu kulalamika. Litie na tui jepesi, lichemke hadi lilainike. Tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo huku unakoroga, la sivyo litakatika na utaambiwa umepika maji na mafuta. Unguja wameliingiza mpaka kwenye urojo, na wamefanya la maana. Likikwanguliwa na nazi, pilipili na chumvi ni chatini. Likikatwa tu na kupakwa chumvi na pilipili ni biashara: mpe binti meza nje ya geti la shule.

Yatakayokuponyoka yakaiva, usiyavundike yote pamoja. Wengi huyajaza kwenye gunia moja, wakalifunua siku ya tatu na kukuta nyumba nzima ina zamu ya kula. Vundika machache leo, mengine keshokutwa. Yenye nyuzi yasage, chuja, ufanye juisi au barafu, maana ukiyala hivi hivi utashinda jioni na kijiti mdomoni. Kuyajaza kwenye friza nako kuzuri, mpaka umeme ukatike siku mbili.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kila msimu shangazi mmoja hutuma namna ya kupika keki ya embe. Mjibu kwa heshima, kisha piga hesabu. Keki moja inakula maembe mawili. Gunia moja litakudai trei za mayai, ngano, siagi na sukari ambazo duka la mangi halikukopeshi, yote hayo ili kuokoa kitu ulichopewa bure na mti.

Ukishawishika kuukata mwembe, kwanza fungua kalenda. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, msimu umekolea. Mtaa mzima utakuwa unatafuta juisi ya kufuturia. Hapo ndipo utakapobishiwa hodi na kuombwa maembe. Usikurupuke. Sema, "Ngoja niangalie kama yamebaki," kaa ndani kidogo, halafu toka na ndoo mbili na umwambie zote ni zake, na ndoo asihangaike kurudisha.