Kichanja cha Kadi Sita

Kamina si mji wa migodi. Shaba na kobalti ziko kusini, Kolwezi na Likasi. Sisi wa mkoa wa Haut-Lomami, huku Kongo, tuna mahindi, tuna kambi kubwa ya kijeshi tuliyoachiwa na Wabelgiji, na tuna reli. Njia itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa kwetu: mkono mmoja unakwenda Ilebo, mwingine Kabalo hadi Kalemie ziwani. Kwa hiyo kila jipya hutushukia kwa behewa, na mara nyingi likitushukia huwa limeshachokwa huko lilikotoka. Ndivyo alivyotushukia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na katoni mbili alizozikumbatia njia nzima, hataki hata mpagazi azishike.

Ndani mlikuwa na kadi sita za grafiki aina ya RX 580, ubao mkuu wa kompyuta, fungu la nyaya, na boksi la kugawa umeme la wati 1,200. Hapakuwa na kasha. Alivinunua Lubumbashi kwa bei ya kutupa, kwa kijana aliyekuwa akichimba ethereum, sarafu ya kidijitali, chumbani kwake. Bei hiyo ilikuwa na sababu: tarehe 15 Septemba 2022 ethereum iliacha moja kwa moja utaratibu wa kuchimbwa kwa kompyuta, na kadi za namna ile zikakosa kazi ulimwengu mzima kwa siku moja. Shemeji alilijua hilo vizuri. Alisema ziko sarafu nyingine zinazochimbika bado, kama ethereum classic. “Yaya, wenzetu wanatupa, sisi tunaokota.”

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikaanza kuuliza maswali. Mume wangu hakuuliza lolote. Yeye ni mtoto wa karakana ya reli, amerithi kwa baba yake sanduku la patasi, tupa na futi ya chuma, na katika maneno yote ya mdogo wake alisikia moja tu: mashine haina kasha, lazima litengenezwe.

Niseme haki, kuna elimu ndani ya jambo hili. Kuchimba sarafu ni kubahatisha namba, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, mpaka mmoja duniani apatie, alipwe, na wote waanze upya. Kila kubahatisha kunakula umeme, na umeme wote ulioliwa hutoka kama joto. Kadi moja kwenye kompyuta ya kawaida inapoa vizuri. Sita ndani ya sanduku moja zinapikana: ya kwanza inapumua hewa baridi, ya sita inapumua pumzi za zile tano. Ndiyo maana wachimbaji huacha sanduku wakajenga kiunzi kitupu, mifupa bila ngozi. Ubao mkuu hulala chini, kadi husimama juu kwa mstari zikiachana, na kila moja huungwa na ubao kwa waya mfupi uitwao raiza.

Huko kwenye maduka makubwa kiunzi hicho huuzwa tayari, cha alumini, na tundu za skrubu zake. Kamina kuna chuma cha pembe na kuna mbao. Basi ndugu wawili wakachora kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, wakahamisha viti, nasi tukawa tunakula bukari, ugali wetu, tumesimama pembeni ili tusifute mchoro.

Kiunzi cha kwanza kilikuwa cha chuma, kilichokatwa kwenye kitanda cha zamani cha mama mkwe. Hakuombwa ruhusa, aliambiwa kinakwenda kutiwa rangi. Kilisimama imara, ungeweza kupakia gunia la mahindi juu yake. Lakini mgongo wa ubao mkuu umejaa vichwa vidogo vya risasi iliyoyeyushwa, na kichwa kimoja kikigusa chuma, umeme unapata njia ya mkato na ubao unakufa. Mume wangu akakata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vya ukubwa wa ukucha, akavibandika kila pembe. Siku ya pili joto likalainisha gundi, mpira ukateleza, cheche ikaruka. Ubao ulipona. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa Kiluba neno ambalo sitaliandika, kisha akauliza kitanda chake kiko wapi.

Wakahamia mbao. Nikasikia vipimo vinaitwa jikoni, nikatoka, nikawakuta wamepiga magoti mbele ya kichanja changu cha vyombo. Mume wangu ameweka vidole vitatu kati ya sahani na sahani. “Mama watoto,” akasema bila kugeuka, “aliyetengeneza hiki alijua mambo ya hewa.” Aliyekitengeneza ni marehemu baba yangu, na nia yake ilikuwa sahani zikauke. Hata hivyo mume wangu alikuwa sahihi: vijiti viwili vya chini vinabeba, kimoja cha juu kinazuia, katikati upepo unapita. Akakinakili kwa mlombwa, mbao nyekundu nzuri, akapiga randa, akatia mafuta. Mbao haipitishi umeme, na kadi ikifika nyuzi sabini haiwezi kuichoma. Kilipokamilika kilikuwa kifaa kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba.

Kifaa kikapatikana, mahali pa kukiweka hapakupatikana. Sebuleni feni kumi na mbili zilituma joto hadi mishumaa ikalegea kwenye dirisha. Chumbani kwetu nilikataa kabla swali halijaisha. Kikaenda barazani. Ulikuwa mwezi wa sita, kiangazi, vumbi jekundu angani mchana na baridi kali usiku. Asubuhi ya kwanza tukamkuta kuku wa mama mkwe na vifaranga wake wote wamelala nyuma ya kiunzi, hapo hewa ya moto inapotokea. Kuku yule hakuondoka tena. Alimdonoa shemeji kila alipotaka kukaza skrubu.

Siku hiyohiyo mtoto wa jirani aliingia lupangoni, yaani uani kwetu, na beseni la mahindi kichwani, akalitua, akakaa kwenye ngazi. Tulipomuuliza alisema mama yake amesikia tumenunua mashine ya kusaga, na kwamba anataka unga laini.

Halafu mjusi. Wale wa ukutani, weupe, wanaofuata mbu kwenye taa. Kiunzi kisicho na kuta hakimzuii mtu wala mnyama. Usiku alipita kwenye kadi ya nne, mkia ukanaswa na feni, feni ikakwama, na kadi ikaendelea kubahatisha namba bila kupozwa hadi ikaungua kabisa. Harufu ilituamsha. Shemeji alimtoa mjusi kwa koleo, akamtazama muda mrefu.

Dawa yao ikawa chandarua. Nilisimama mbele ya kabati nikawaambia chandarua cha watoto ni cha malaria, si cha mjusi. Wakatafuta kikuukuu, wakakivalisha kiunzi chote. Baada ya wiki matundu yamejaa vumbi, hewa haipiti, kadi zinapanda joto kila siku. Yaani baada ya jasho lote lile la kukwepa sanduku, walishona sanduku la kitambaa.

Na bado sijafika kwenye umeme.

Umeme wetu ni hadithi ya zamani kuliko shemeji. Kuna kituo cha Kilubi, kilichojengwa enzi za Wabelgiji, miaka ya 1950, wakati kambi ndiyo iliyohitaji taa. Kuna pia ile njia kuu ya nyaya kutoka mitambo ya Inga hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilijengwa kupeleka nguvu za mto Kongo kwenye shaba, na vijiji vilivyo chini yake vimebaki na koroboi. Mtaani kwetu umeme ukija huja usiku, na ukija watu hupiga vigelegele, kila mmoja anachomeka alicho nacho. Waya uletao umeme kwetu unalisha malupango manne.

Usiku mmoja TP Mazembe walikuwa wanacheza mpira, umeme ukaja kabla ya kipindi cha pili. Shangwe. Shemeji naye akawasha kiunzi, wati zake karibu mia nane, mara moja. Dijonkta, kikata umeme cha nguzoni, ikaruka, mtaa ukawa giza. Haikupita muda ujumbe ukafika, wanaume saba na tochi, wakiongozwa na chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Walikuwa wapole sana, upole wa kutisha. Chefu alikizunguka kiunzi, akanusa, akamtazama kuku, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza nyumbani kwangu: “Na hiki kitu, kikimaliza kula, kinazaa nini?”

Shemeji akaleta mfano wa Virunga. Ni kweli, alikuwa na hoja: mbuga ya Virunga, huko Kivu Kaskazini, ilianza kuchimba bitcoin mwaka 2020 pale Luviro, kwa makontena yaliyojaa mashine. Utalii ulikuwa umekufa kwa vita, Ebola na Korona, na mbuga ikajipatia fedha kwa njia hiyo. Nikamjibu mbele ya wageni kwamba Virunga walianza na mto. Walijenga mtambo wa maji, umeme ukazidi wanunuzi waliokuwapo, ndipo wakaweka mashine mlangoni pa mtambo. Hapa kwetu tumeanza na kichanja, na mto tunautafuta.

Mume wangu aliposikia “mto” akasikia “jua”. Juma lililofuata akaja na paneli mbili za sola, wati 200 kila moja, na betri ya lori. Nikachukua daftari la mwanafunzi mmoja, nikageuza nyuma. Wati 800 kwa saa 24 ni kilowati-saa 19 na ushei. Paneli mbili kwenye jua zuri la saa tano zinatoa mbili. Yaani mashine ifanye kazi saa mbili na nusu, ilale siku nzima iliyobaki. Na kadi zote zikifanya kazi usiku na mchana, ethereum classic yake haikufika dola moja kwa siku. Tena chama cha wachimbaji alichojiunga nacho hakilipi hadi ufikie kiwango fulani, na tangu aje hakuwa amekifikia. Nikamsomea hesabu polepole, darasa lilivyozoea. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma, alielewa kabla ya wanawe. “Mgeni siku mbili,” akasema, “siku ya tatu mpe jembe. Huyu ana miezi, na jembe halishiki.”

Shemeji alirudi Lubumbashi na kadi tano. Alisema vijana wa michezo ya kompyuta huko bado wanazinunua. Kiunzi cha mlombwa nimekichukua mimi, kinabeba sahani na sufuria za harusi nzima. Mama mkwe alinunuliwa kitanda, cha mbao, kwa pesa za mume wangu.

Paneli zilibaki. Mume wangu alizipandisha juu ya paa, akateremsha waya hadi barazani, akapigilia ubao wenye soketi nyingi. Sasa majirani huacha simu asubuhi na kuzichukua jioni, franga 500 kila moja, na hata wale saba wa tochi huleta zao. Simu nne kwa siku zinapita kile ambacho zile kadi, kwa kelele zao zote, zilituahidi, na kuku amepoteza hamu ya baraza.

Boksi la kugawa umeme la wati 1,200 bado lipo, zima, halina mkwaruzo. Linauzwa. Anayelitaka aje mchana, na aje na umeme wake wa kulijaribia.