Wastani Haujui Penalti

Mteja wetu wa intaneti aliyekuja ofisini kudai fidia anamiliki kibanda umiza. Madai yake yalihusu dakika 10 za mwisho za mechi ya watani wa jadi, iliyochezwa miezi mitatu nyuma. Mpiga penalti ameshaanza kuukimbilia mpira, picha ikaganda. Iliporudi, wachezaji wanapeana mikono, na ukumbi mzima unadai kiingilio chake.

"Kijana, hebu fungua grafu ya matumizi ya laini siku hiyo," mkurugenzi akaniagiza. Nikafungua. Mstari umetulia tuli kwenye asilimia 10 na ushei. Mkurugenzi akamgeukia mteja kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda kesi. "Mzee wangu, unajionea mwenyewe. Laini ilikuwa tupu."

Siku ile nilikuwa zamu. Laini ilijaa pomoni na simu ya mezani haikupumua.

Grafu haikusema uongo. Ilisahau, tena kwa mpangilio. Vipimo vya laini tunavitunza kwa RRDtool, programu ya Mswisi Tobias Oetiker iliyotoka mwaka 1999. Faili lake halinenepi: nafasi zote hutengwa siku linapoundwa, na zikijaa, kipimo kipya humfukuza mkongwe. Fundi aliyetufungia mfumo alipanga vipimo vya kila dakika 5 vikae siku chache tu. Ukirudi nyuma zaidi unakuta wastani wa nusu saa, kisha wa saa 2, na ukivuka miezi miwili umebaki wastani wa siku nzima peke yake.

Sasa piga hesabu. Siku ina vipimo 288 vya dakika tano tano. Viwili vilisoma asilimia 100, na 286 vilivyobaki vikasoma asilimia 10. Jumlisha, gawanya: asilimia 10.6. Penalti, matusi na kiingilio, vyote vimefukiwa kwenye hiyo nukta sita. Watu wawili wakikaa mezani, mmoja akamaliza kuku mzima na mwenzake akaambulia harufu, wastani utaapa kwamba kila mmoja kala nusu kuku.

Kilichotuumbua ni daftari la mlinzi wa getini, mzee ambaye hata paka akipita humwandika. Ukurasa wa siku ile ulisema: "12:35 jioni neti imekata. 12:45 imerudi. Penalti sijaiona." Mkurugenzi akausoma, akausoma tena, akaamuru mteja apewe mwezi mmoja bure.

Mteja alipoondoka, mkurugenzi akaja na dawa yake: tuhifadhi kila sekunde, milele. Nikamwomba bajeti ya diski, akabadili mazungumzo.

Dawa yenyewe ni rahisi. RRDtool hukubali kuhifadhi kiwango cha juu kabisa sambamba na wastani, mradi uliombe hilo. Kila kipimo huchukua baiti 8, kwa hiyo vilele vya kila siku kwa miaka miwili havifiki hata kilobaiti 6. Kwa bei hiyo, hakuna sababu ya kumwamini wastani peke yake.

Basi ndugu msomaji, kama una seva unayoilinda, kaangalie leo inatunza nini. Ukikuta wastani mtupu, ongeza na kilele, maana kilichokwisha kufutwa hakirudi hata kwa amri ya mkurugenzi.