Ghala la Tembo na Bwawa la Chui

Hapo kale, katika nchi ya mbali, palikuwa na Ghala Kuu juu ya kilima, na mlinzi wake alikuwa Tembo. Wanyama wote waliweka nafaka humo, na mwenye haja alikopeshwa. Ila barazani sauti ya kila mmoja ilipimwa kwa magunia aliyoweka, hata Simba akinong'ona alisikika kuliko Digidigi mia wakipiga kelele.

Chui, mfalme wa bonde la huko nyuma ya milima, akaja kukopa nafaka ya kuwalisha wajenzi wa bwawa, akapewa. Pale ambapo maji yangejaa waliishi Digidigi, na mababu zao walizikwa papo hapo. Walipokataa kuhama, Chui akawatumia Mbwa Mwitu, nao wakaua wake kwa watoto, zaidi ya 400, kijiji kikabaki mahame.

Korongo, karani wa ghala, alifika bondeni kila msimu. Alipima msingi, akahesabu mawe, akaandika kwamba kazi inasonga mbele. Vibanda vitupu alivipita, kwani katika daftari alilokabidhiwa hapakuwa na mahali pa kuviandika.

Mwaka wa tatu tangu mauaji, mfereji wa bwawa ulikuwa umebomoka, na Chui akarudi kukopa tena. Kobe akasimama barazani, akauliza wenye bonde wako wapi. Tembo akafunua sheria ya ghala, akasoma kwa upole kwamba mkopeshaji hatazami utawala wa mkopaji, hutazama faida na hasara tu. "Tukiulizia damu," akasema, "tutakuwa tumeingilia siasa za wenyewe." Naye Chui alikuwa akimlindia Simba mpaka dhidi ya hasimu wake, lakini hilo hakuna aliyeliita siasa. Nafaka ikatoka mara ya pili, na kwa nafaka hiyo, nasema bila kumung'unya maneno, Ghala lilikuwa limekwisha kuchagua upande.

Miaka ikapita, vilio vikazidi, hata Ghala likafungua dirisha la malalamiko. Yatima mmoja wa Digidigi akapanda kilima. Hakuomba pole, alitaka kabla gunia halijatoka, wenye ardhi waulizwe, na mkopaji anayewaua wanaokataa arudi mikono mitupu. Karani akaandika kila neno, kisha akamfunulia daftari la deni la bwawa, ambamo ukoo wake ulikuwa bado umeorodheshwa miongoni mwa walipaji.