Sifa za Wadudu wa Ziwani

Mgeni anayefika Mwanza huonyeshwa kwanza Jiwe la Bismarck, kisha Capri Point, kisha hupandishwa boti kwenda Saanane, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Huambiwa pia habari za Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona ziwa hili la Viktoria kutoka kilimani Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake. Jioni hurudi hotelini na kuwasha taa. Asubuhi hukuta wadudu wembamba wamekufa kwenye beseni, dirishani na juu ya shuka, akaenda mapokezi kulalamika.

Wadudu hao wanastahili sifa, tena kuliko lile jiwe.

Karibu maisha yao yote wanaishi majini. Wapo ambao viluwiluwi vyao vinapenyeka nuru hata unaona matumbo. Mchana hujificha kwenye tope la chini, penye hewa haba ambapo samaki wengi hawafiki. Usiku hupanda juu kuwinda viumbe wadogo zaidi. Mwezi ukishaandama, katika siku chache za giza, hutoka majini kwa mamilioni, wakasimama angani kama nguzo ya moshi. Aliye kwenye kivuko cha Kamanga huweza kudhani kuna chombo kinaungua. Akishaota mabawa, mdudu huyu hana shida na damu yako. Haumi, haleti malaria. Hutafuta mwenzake, hutaga, na baada ya siku chache amekufa. Kwa mji wenye mbu wengi kiasi hiki, huo ni uungwana mkubwa.

Angalieni pia anachokilisha. Viluwiluwi ni chakula cha dagaa, na walikuwa chakula cha furu wa kila namna kabla sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, hajawamaliza wengi wao. Wakiruka, mbayuwayu huwasubiri, na buibui hutanda nyuzi kwenye miti ya ufukweni. Upande wa Kenya, na kule Ziwa Nyasa, watu huwakusanya, huwakanda na kuwakausha wakawa kitoweo chenye protini nyingi. Na ziwa letu linalorundikiwa mbolea ya mashambani na maji machafu ya mijini, ile mbolea inayonenepesha magugumaji, hupunguziwa mzigo kidogo kila upepo unaposukuma wingu la wadudu hawa kuja nchi kavu. Ni kidogo, lakini sioni nani mwingine anayeitoa kila mwezi.

Lakini sababu yangu kubwa ni ile taa. Mgeni akichoshwa na wadudu huizima, akatoka barazani. Nyakati hizohizo za giza ndizo wavuvi wa dagaa wanazoingia ziwani. Mbalamwezi ikiwaka hubaki nchi kavu, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa maji yote yakiwa na mwanga. Kwa hiyo mbele ya baraza yako, kutoka Capri Point hadi upeo wa macho, taa za mitumbwi zimepangana juu ya maji, kila moja ikiwa na watu wanaoitegemea kwa ada ya shule na unga wa kesho. Hakuna mandhari ya Mwanza ninayoipenda kuliko hiyo, na wengi wanaolala hapa hawaioni kwa sababu wamefunga pazia na kuwasha taa. Mdudu ndiye anayewatoa nje.

Nawaomba basi wenye nyumba za kulala wageni mjini na wale wa Ukerewe: msiwapulizie dawa. Wekeni wavu madirishani, na taa ya nje iwe ya njano, mbali na milango. Mwenye pumu apewe chumba cha upande wa mlimani, maana vumbi la mizoga yao huweza kumbana kifua, na hilo si la kufanyia mzaha. Mgeni akiuliza tarehe nzuri ya kuja, mpeni siku za mwezi mwandamo, mkimweleza mapema atakachokikuta. Viti vya barazani vielekezeni ziwani, na chakula cha usiku kiwe dagaa wa kukaanga kwa ndimu, wakiliwa gizani.