Mhadhara wa Bingwa wa Tela

Waheshimiwa matajiri wa malori, ndugu madereva, nanyi mautingo mliokaa chini kwa kukosa viti, itifaki imezingatiwa. Nasimama mbele yenu nikiwa Daktari wa Sayansi ya Kupakia, shahada niliyojitunuku mwenyewe baada ya kuona hakuna chuo chenye hadhi ya kunitunuku.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inasema gari kubwa kabisa, lenye ekseli 7, lisizidi tani 56. Kwa nini 56? Waliiogopa 57? Chuma hakijui hesabu. Pakieni mpaka springi zinyooke, kisha juu ya turubai wekeni na magunia ya mkaa ya mama watoto.

Wahandisi walizungusha malori usiku na mchana kule Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, ili wagundue kwamba ukizidisha uzito wa ekseli kwa asilimia 20, barabara inaumia kama mara mbili. Hongera zao. Barabara ni ya tajiri yupi hapa?

Magunia mazito yapangwe nyuma kabisa ya tela ili kichwa kipumue. Usukani utakuwa mwepesi mpaka ushangae. Tela likianza kutikisa mkia, basi la abiria linalokuja litajua lenyewe pa kwenda.

Sasa mteremko wa Kitonga, somo langu nilipendalo. Unateremka na shaba ya Zambia, na kibao kinakusihi utumie gia nzito. Kibao kinanunua dizeli? Weka nyutro, kanyaga breki toka juu mpaka chini. Ngoma za breki zitanuka, moshi utatoka kwenye matairi, na mwisho utakanyaga gari lisikujibu. Ukifika hapo umehitimu. Utingo kwa kawaida huhitimu mapema zaidi, kwa kuruka.

Kuhusu bima, hati yake sijaisoma, ila naifahamu. Mnaambiwa kampuni inaweza kugoma kulipia gari lililozidishiwa mzigo. Uzushi! Kinachotakiwa ni mpangilio wa lawama. Tajiri atamsukumia dereva, dereva atamsukumia mpakiaji, mpakiaji atamsukumia karani aliyeandika tani 28 kwenye karatasi, na karani yuko likizo. Tatizo ni mahakama, ambazo hazina adabu: zinaweza kumwita hata tajiri mwenyewe aje aeleze aliyeruhusu gari litoke ni nani. Tatizo jingine, pale Vigwaza wamefunga mizani inayopima gari likiwa linatembea, bila hata salamu.

Muda umenitupa mkono. Nakala za mhadhara huu zinauzwa mlangoni, fedha taslimu, risiti hakuna. Atakayepinduka akifuata ushauri wangu, namwomba kwa unyenyekevu, mbele ya trafiki asilitaje jina langu.